Mbinu ya madoa

Mbinu ya madoa ni njia ya kufundisha uchoraji wa mandhari ya kubuni. Ilienezwa na Alexander Cozens (1717 - 1786), mchoraji mzaliwa wa Urusi aliyefundisha nchini Uingereza, pamoja na shule ya Eton. Aliieleza katika kitabu kilichotolewa karibu na mwaka 1785.

Cozens aliona kwamba mwanafunzi anayenakili kazi za wengine kwa muda mrefu hupungukiwa uwezo wa kubuni.

Katika mbinu hiyo, mwanafunzi hufikiria kwanza umbo la jumla la mandhari, kisha hupaka madoa ya wino harakaharaka kwa brashi. Halafu huweka juu yake karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, huchagua katika madoa hayo milima, miti au maji, na kumalizia kwa wino uliozimuliwa kwa maji. Hivyo mkono huachwa huru, lakini wazo hutangulia.

Zamani Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji kutazama madoa ya ukutani ili kuamsha ubunifu.

Baadhi ya wachoraji walimdhihaki Cozens. Hata hivyo, mwanawe, John Robert Cozens (1752 - 1797), alikuja kuwa mchoraji mashuhuri wa mandhari kwa rangi za maji.