Kipanga, Ndege na Jirani

Ukisema ndege hapa Luano, watu watatazama juu. Uwanja wa Lubumbashi uko papa hapa, na midomoni mwa wengi wetu neno lenyewe ni ndeke. Mimi ninayeshinda na mashine za mtandao ninamjua ndege mwingine: BIRD, programu ya kuelekeza njia za intaneti, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, mwishoni mwa miaka ya 1990. Na mashine inayoibeba, ruta, Kiswahili kimeiita kipanga njia. Kipanga! Yule mwindaji anayenyakua vifaranga uani. Aliyebuni istilahi hiyo alikifikiria kitenzi kupanga, lakini mimi kila nikiisoma namwona ndege ametua juu ya ruta.

Hata hivyo istilahi hiyo hainiridhishi. Ruta haipangi njia. Inasikiliza yale majirani wanayotangaza, kwamba mahali fulani panafikika kwa kupitia kwao, kisha inachagua. Anayesikiliza na kuchagua si mpangaji.

Jirani, hilo ndilo neno ninalolipenda. Katika faili la usanidi, kila mashine tunayozungumza nayo inaitwa hivyo, na inaishi hivyo. Ndani ya mtandao mmoja unaotumia lugha iitwayo OSPF, kwa kawaida majirani husalimiana kila baada ya sekunde 10. Anayenyamaza sekunde 40 huhesabiwa amekufa, na njia zilizopita kwake hufutwa. Nimewahi kuona ujumbe huo wa kusalimiana ukiitwa kwa Kiswahili kipimo cha uhai. Kwa nini, na salamu tunayo? Katanga mtu hapiti mlangoni pa mwenzake bila jambo yenu. Akipita kimya siku mbili, watu huenda kumwangalia.

Neno lililonisumbua zaidi ni moja la BGP, lugha inayotumiwa na mitandao ya makampuni tofauti, kama ile inayokutana LUBIX, kituo cha mji wetu kinachoiwezesha kupeana data hapa hapa badala ya kuizungusha ng'ambo. Jioni moja tulikuwa tunamuunga jirani mpya. Kijana ninayemfundisha aliandika amri ya kutazama hali ya majirani, akaruka: “Yaya, iko Active!” Alidhani kazi imekwisha. Katika BGP neno hilo lina maana karibu kinyume: mashine bado inajaribu kumfikia mwenzake, na njia hata moja haijapita. Kiingereza kimemdanganya, na Kifaransa chetu cha kazini kingemdanganya vilevile. Tungetafsiri “hai” au “inafanya kazi,” tungeurithi uongo huo pamoja na neno.

Nikamwuliza: mtu amesimama nje ya ua, anaita, hajajibiwa, anafanya nini?

“Anapiga hodi.”

Nikaliandika hilo kwenye daftari. Baadaye tuliona tulikosea tarakimu moja katika namba ya mtandao wa jirani. Tukairekebisha, tukapakia usanidi upya, tukasubiri. Ndege ya usiku ilikuwa inashuka Luano pale mstari ulipobadilika kuwa Established na njia zikaanza kumiminika. Kijana hakulisoma neno la kwenye skrini.

“Ameitikiwa karibu,” akasema.