Sayansikimu Katika Nchi ya Ukame

Mwaka 1894 nzige walishuka Uzigua, na njaa iliyofuata haikuisha hadi 1896. Ukame haukuwa mgeni Handeni, iliyomo Uzigua. Kabla ya hapo, wakubwa wa vijiji waliweka akiba ya nafaka na kuwalisha waliowategemea mvua zilipokosekana. Utawala wa Wajerumani, kwa kodi zake na biashara yake, ulidhoofisha mpango huo, na mzigo wa kulinda chakula ukazidi kuwaangukia akina mama. Chombo chao kilikuwa uchaga: mahindi yalitandazwa juu ya meko, moshi ukayakausha na kuwafukuza fukusi. Kwangu mimi, historia ya sayansikimu, yaani sayansi ya chakula na matunzo ya nyumbani, nchini mwetu inaanzia hapo.

Korogwe, jirani ya Handeni, ilifuata njia nyingine. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda. Kibarua aliyetoka mbali hakuwa na uchaga. Alikula posho ya unga na maharage aliyopimiwa. Ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu kulikuwa na familia iliyotegemea mvua na nyingine iliyotegemea mizani ya mwajiri.

Huko Marekani, mwaka 1899, mkemia Ellen Swallow Richards aliwakusanya wenzake Lake Placid, wakakubaliana kwamba maji, chakula na hewa ya nyumbani vinastahili kuchunguzwa kisayansi. Elimu hiyo, yaani sayansikimu ya darasani, ilipofika Tanganyika, kupitia shule za misheni na baadaye vilabu vya wanawake vya miaka ya 1950, ilikuja nusu: kushona, kufuma, kuoka keki. Kemia iliachwa njiani. Nauona huo kuwa upotevu mkubwa, maana mama wa Handeni alihitaji hasa kile kilichoachwa.

Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari zilipewa michepuo, na sayansikimu ikawa mmojawapo, pamoja na kilimo, biashara na ufundi. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya 1973. Kuanzia 1975, kwa kufuata mfano wa Sweden, vikaja vyuo vya maendeleo ya wananchi. Handeni nayo ikapata chake.

Kisha maadui wapya wakaingia ghalani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, alitambuliwa Tabora, na baadaye akaenea nchini. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Hatari hiyo haikuwa mbali na Handeni: Kiteto, iliyo Manyara, inapakana na Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002.

Leo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinatoa shahada ya masomo ya familia na walaji. Binti wa Korogwe akiichagua, bado kuna wajomba watakaomwambia, "Mpishi haendi chuo kikuu, mwanangu." Wanakosea kabisa, maana kulinda chakula ghalani kunahitaji sayansi. Kuvu wanaotoa sumu hustawi kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, kwa hiyo punje zinapaswa kushuka hadi kama asilimia 13 ya unyevu kabla ya kufungwa kwenye magunia. Zianikwe juu ya turubai, zisilale kwenye udongo. Zilizooza zichambuliwe, wala zisisagwe kuwa unga wa uji wa mtoto kwa kuogopa kutupa, kwani kupika hakuiondoi sumu hiyo.