Nani Anaruhusiwa Kuchanja? Nusu Karne ya Maduka ya Dawa na Chanjo

Kutoka Kariakoo hadi Mnazi Mmoja, maduka ya dawa ni mengi, ya jumla na ya rejareja. Dawa ya malaria, ya kikohozi, ya presha, zote zipo. Lakini mama anayempeleka mwanawe kuchanjwa surua huyapita yote na kwenda kliniki akiwa na kadi ya mtoto. Utaratibu huo haukuzuka tu.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, mwaka uleule Soko Kuu la Kariakoo lilipofunguliwa. Tangu hapo Serikali ndiyo inayoagiza chanjo za watoto, kuzihifadhi, kuzisambaza wilayani na kuzitoa bure.

Biashara ya dawa ilifuata njia yake. Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 ilitenganisha famasi iliyo chini ya mfamasia na duka la dawa baridi, ambalo halikuruhusiwa kuuza dawa za cheti cha daktari. Wenye maduka wengi waliziuza hivyo hivyo. Ndipo mwaka 2003, baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), mkoa wa Ruvuma ukawa wa kwanza kupata Duka la Dawa Muhimu: muuzaji anapewa mafunzo, anakaguliwa, na anaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti. Kumdunga mteja sindano hakumo katika ruhusa hiyo.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 iliweka wafamasia na maduka yao chini ya Baraza la Famasi. Mwaka 2019 TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye jukumu la ubora na usalama wa dawa, chanjo zikiwemo. Ratiba ya chanjo ikabaki kwa Wizara ya Afya.

Ugumu wa kazi yenyewe ya kuchanja unaonekana kwenye kichupa cha chanjo. Juu ya lebo kuna duara lenye mraba mweupe katikati. Joto likizidi, mraba unageuka mweusi taratibu. Ukilingana rangi na duara, chanjo hiyo haifai tena. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na Dar es Salaam tunalijua joto lake na kukatika kwa umeme wake.

Mipaka ya madaraka ipo pia ndani ya Muungano. Afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina wizara yake na sheria yake ya dawa ya mwaka 2006. Nchini Marekani, ambako wafamasia huchanja, mgongano ulijitokeza mwaka 2025: sheria za baadhi ya majimbo zilifungamana na mapendekezo ya kamati ya shirikisho ya chanjo. Kamati hiyo ilipobadilishwa wajumbe, mteja wa chanjo ya UVIKO-19 alihudumiwa papo hapo katika jimbo moja, na katika jimbo jingine akadaiwa cheti cha daktari.

Wafamasia wetu wana elimu, na wako karibu na wananchi kuliko hospitali nyingi. Siku watakapokabidhiwa sindano, Wizara, Baraza la Famasi na TMDA viandike kwanza, kwa lugha isiyo na utata, nani anatoa ruhusa, nani anakagua jokofu na nani anaandika jina la aliyechanjwa. Hadi siku hiyo, mzazi, chanjo ya mwanao iko kliniki, na ni bure.