Wapelelezi Waliokwenda Kuwasikiliza Wauaji

Mindhunter, tamthilia ya televisheni iliyoanza kuoneshwa na Netflix mwaka 2017, inasimulia jinsi wapelelezi wa FBI walivyozunguka magereza ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 wakizungumza na wauaji. Wapelelezi wamepewa majina ya kubuni, wauaji wamebaki na yao.

Kazi yenyewe ya kubashiri tabia za mhalifu kutokana na uhalifu wake ilikuwa imeshaanza kujulikana New York mwaka 1956. Tangu 1940 mtu mmoja alikuwa akitega mabomu mjini, na polisi walipokwama walimwendea James Brussel, daktari wa magonjwa ya akili. Kwa maelezo yake mwenyewe, Brussel alitabiri kwamba mtu huyo atakamatwa akiwa amevaa koti la vifungo vya safu mbili, vyote vimefungwa. George Metesky alikamatwa Januari 1957 akiwa na nguo za kulalia. Alipoambiwa abadilishe, akavaa koti la aina hiyohiyo. Kisa hicho kilimpa Brussel sifa kubwa. Lakini jina la Metesky lilipatikana kwa jasho la Alice Kelly, karani wa kampuni ya umeme, aliyepekua mafaili ya zamani hadi akakuta barua za malalamiko zenye maneno yaleyale ya mtega mabomu. Karani huyo anastahili kukumbukwa zaidi.

Mwaka 1972 FBI ilianzisha kitengo cha sayansi ya tabia katika chuo chake cha Quantico, Virginia. Baadaye walimu wake wawili, Robert Ressler na John Douglas, waliamua kuwauliza wauaji wenyewe. Siku moja Ressler alikuwa peke yake chumbani na Edmund Kemper, jitu la zaidi ya mita mbili lililoua watu 10, akiwemo mama yake mzazi. Mahojiano yalipokwisha alibonyeza kengele. Askari magereza hakutokea. Akabonyeza tena, kimya. Kemper akamwambia kwamba angeweza kumng'oa kichwa na kukiweka mezani. Ressler alivuta muda kwa maneno mpaka mlango ukafunguliwa. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuhoji peke yake.

Aliyeyageuza mazungumzo hayo kuwa utafiti ni Ann Burgess, muuguzi na profesa aliyekuwa amewasikiliza wanawake waliobakwa katika hospitali moja ya Boston. Yeye ndiye aliyedai kila mfungwa aulizwe kwa utaratibu mmoja. Tamthilia imemfanya mwanasaikolojia, na hapo imepoteza jambo kubwa: kwamba elimu hii ilianzia pia kwa waliodhulumiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Wauaji 36 waliohojiwa waligawanywa makundi mawili, wenye mpangilio na wasio na mpangilio. Msingi huo ulikuwa mwembamba: wanaume 36, wote wafungwa, wote wa Marekani. Mwaka 2004 David Canter na wenzake walichambua mauaji 100, na makundi hayo mawili hayakutengana.

Uingereza ilikuwa imeshaonja uchungu wa kutegemea ubashiri wa aina hiyo. Baada ya Rachel Nickell kuuawa London mwaka 1992, polisi walifuata wasifu wa muuaji ulioandaliwa na mwanasaikolojia, wakamtegea mtu asiye na hatia. Jaji aliifuta kesi mwaka 1994. Muuaji, Robert Napper, alitiwa hatiani mwaka 2008. Novemba 1993, mtu yule akiwa rumande, Napper alimuua mama mwingine na binti yake mdogo.