Pesa ya wakili haipotei: kisa cha Turfloop, 1974

Kuna kauli moja naisikia sana vimbwetani. Wanafunzi wakigoma, wakipigwa na polisi, halafu wakafunguliwa kesi, akipita mtu na daftari la mchango wa wakili hakosekani jamaa wa kusema: "Hiyo pesa ya kutupa. Nani alishawahi kuishinda serikali mahakamani?" Na huyo huyo bumu likitoka ndo wa kwanza kuchangia sendoff. Leo nataka kuijibu kauli hiyo kwa historia, maana ndo somo ninalolisoma. Nimechagua kisa cha Turfloop, Afrika Kusini, kwa sababu mzizi wake mmoja uko hapa hapa Dar.

Turfloop ni jina la mahali kilipokuwa Chuo Kikuu cha North, ambacho siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Limpopo. Makaburu walikianzisha mwaka 1959 kwa ajili ya weusi peke yao, lakini uongozi wakaushika weupe. Walitaka kutengeneza wasomi watiifu, wakavuna kinyume chake. Mwezi Julai 1969 wanafunzi weusi walizindulia pale chama chao, SASO, na rais wa kwanza akawa Steve Biko, aliyekuwa anasoma udaktari Natal. Mwaka 1972 Onkgopotse Tiro alisimama kwenye mahafali ya Turfloop akaiponda elimu ya kibaguzi mbele ya wakubwa wenyewe. Akafukuzwa chuo. Februari 1974 akauawa kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi, akiwa uhamishoni Botswana.

Sasa Dar inaingiaje? FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, wapiganaji wake wakafanya mazoezi Kongwa na Nachingwea, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vikaanza kule Msumbiji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, Mreno alikuwa ameshanyoosha mikono na serikali ya mpito ya Joaquim Chissano imeapishwa Lourenço Marques. Vijana wa SASO wakaona hii si habari ya jirani tu, hii ni habari yao. Wakapanga mikutano ya kushangilia tarehe 25 Septemba, Durban na Turfloop. Waziri wa polisi, Jimmy Kruger, akapiga marufuku.

Watu wakajitokeza hivyo hivyo. Durban walitawanywa na polisi wenye mbwa. Turfloop wanafunzi walikusanyika ukumbini, polisi wakaingia chuoni na mbwa, virungu na mabomu ya machozi. Wanafunzi walisema wamepigwa na kuumwa na mbwa, polisi wakasema wamerushiwa mawe. Baada ya hapo ikaanza kamatakamata ya viongozi nchi nzima.

Hapa ndo pa kutulia, wadau. Waliokamatwa waliwekwa ndani kwa Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kiliruhusu polisi kumweka mtu ndani bila kikomo, bila kumfikisha mahakamani, bila kuonana na wakili wala ndugu. Ukipigwa humo nani atajua? Hata ukija kushtakiwa, adhabu ya chini kabisa ilikuwa miaka 5, ya juu kunyongwa. Mtoto wa maskini aliyesomeshwa kwa shida, babake kibarua wa mgodini, wakili wa kesi kama hiyo atamlipa na nini?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Mwaka 1956 makaburu waliwakamata watu 156, Mandela akiwemo, kwa kosa la uhaini. Huko London kasisi mmoja wa Kanisa la St Paul's, Canon John Collins, akaanza kuchangisha pesa za mawakili na za kulisha familia zao. Kesi ilikwenda hadi 1961, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Mchango ule ukakua ukawa mfuko kamili, International Defence and Aid Fund. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Kuanzia hapo kupokea pesa yake Afrika Kusini likawa kosa la jinai.

Kumbe wenzetu walikuwa na akili. Mfuko haukumtumia mtu pesa moja kwa moja. Ulipitia kwa mwanasheria wa London, William Frankel, naye akazipitisha kwenye ofisi nyingine za mawakili, zikafika kwa wakili wa Afrika Kusini kama ada kutoka kwa wasamaria wasiotaka kutajwa. Kwa familia za wafungwa njia ilikuwa nyepesi zaidi: watu wa kawaida Uingereza na nchi nyingine waliandika barua kama marafiki tu, ndani wakaweka hela ya matumizi. Familia ikijibu "asante, tumepata", hiyo barua ndo risiti. Polisi wa siri walihangaika miaka na miaka, mtandao ule hawakuuvunja. Sweden na Umoja wa Mataifa walikuwa wachangiaji wakubwa, na kwa ujumla inakadiriwa zilipita kama pauni milioni 100. Kesi za kisiasa za miaka ya 1970 kwa sehemu kubwa zilibebwa na pesa hizo.

Turudi kwa vijana wetu. Tisa walifikishwa mahakamani Pretoria, kesi ikavuka 1975 ikaingia 1976. Walikuwemo Saths Cooper, Muntu Myeza, Mosiuoa Lekota, na kutoka Turfloop Gilbert Sedibe na Pandelani Nefolovhodwe. Walikuwa wakiingia kizimbani wanaimba. Wakili wao, David Soggot, akafanya jambo ambalo nadhani lililipa gharama zote za kesi: Mei 1976 alimwita Steve Biko kuwa shahidi wa utetezi.

Kumbuka Biko alikuwa amefungiwa tangu Machi 1973. Haruhusiwi kuhutubia, haruhusiwi kunukuliwa na gazeti. Lakini shahidi mahakamani lazima aongee. Basi kwa siku kadhaa akakaa pale anaulizwa, anajibu, anamweleza jaji wa kikaburu maana ya kujitambua kwa mtu mweusi, na kila neno linaingia kwenye kumbukumbu za mahakama. Wiki chache baadaye, Juni 16, Soweto ikalipuka.

Walishinda? Hapana. Desemba 1976 wote tisa walitiwa hatiani, wakapelekwa Robben Island kwa miaka 5 hadi 6. Yule jamaa wa vimbwetani atasema, "Si niliwaambia?" Subiri kwanza.

Septemba 1977 Biko mwenyewe akafia mikononi mwa polisi. Serikali ikaanza kwa kudai aligoma kula. Familia ikapata mawakili, akiongoza Sydney Kentridge, na katika uchunguzi wa kifo mahakamani wakawahoji askari mmoja mmoja. Hapo ndo dunia ikajua kwamba Biko aliwekwa uchi na pingu, akaumizwa kichwa, akasafirishwa usiku zaidi ya kilomita 1,000 nyuma ya gari akiwa mahututi. Hakimu akasema hakuna wa kulaumiwa. Tena "wameshindwa". Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mwaka 1979 serikali hiyo hiyo ikailipa familia randi 65,000.

Ndo maana nasema pesa ya wakili haipotei. Polisi akikupiga chuoni bila shahidi, kesho inakuwa hadithi. Ukiwa na wakili, inakuwa hati ya kiapo yenye tarehe na jina la askari, na askari analazimika kusimama kujibu maswali. Hukumu ni ya jaji, lakini kumbukumbu ni ya wote. Sisi tunaosoma historia leo tunasoma Turfloop na kifo cha Biko kutoka kwenye makaratasi yaliyolipiwa na wachangiaji ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Afrika.

Lingine nililojifunza ni kwamba ule mfuko ulidumu kwa sababu ya nidhamu. Hela ya wakili ilitengwa na hela ya familia, na kila senti ilikuwa na maandishi yake. Sisi michango yetu mingi hufa kwa sababu mtunza hazina haonekani siku ya tatu.

Mfuko ulifungwa mwaka 1991, makaburu walipoanza kulegea. Baada ya Collins kufariki mwisho wa 1982, uongozi ulishikwa na Trevor Huddleston. Wa kusini huko mtakuwa mnalijua jina: ndiye aliyekuwa askofu wa Masasi miaka ya 1960 hadi 1968.

Haya, tukutane kwenye maoni. Daftari likipita, hata jero weka.