Samuel Sitta: Mbunge wa Urambo na Kanuni Alizoliachia Bunge

Samuel John Sitta alizaliwa Urambo tarehe 18 Desemba 1942, katika nchi inayobeba jina la Mtemi Mirambo. Mtemi huyo, aliyefariki mwaka 1884, aliitikisa njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, hata wafanyabiashara wa pwani na wamisionari wa Ulaya wakajua kwamba hawapiti bila kuelewana naye. Sitta alipokuwa mtoto, misafara ilikwisha kuipisha reli, na Waingereza walikuwa wakifyeka mapori ya Urambo kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuporomoka baada ya miaka michache. Tumbaku ndiyo iliyokuja kuwa zao la wilaya.

Kijana huyo alisoma Urambo na Sikonge, kisha Shule ya Wavulana Tabora, ile ile aliyosoma Julius Nyerere. Tabora ulikuwa mji uliochemka siasa. Januari 1958, TANU ilifanya hapo mkutano mkuu wake wa kukumbukwa, ikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, licha ya masharti yake ya ubaguzi. Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, mtu wa Tabora, aliingia katika baraza la mawaziri la nchi huru na kushika Wizara ya Sheria, akajiuzulu mwaka 1963. Kwa hiyo, kizazi cha Sitta kilikua kikijua kwamba mtu wa Unyamwezi anaweza kuingia serikalini, na anaweza pia kutoka kwa hiari yake.

Sitta mwenyewe alionja mapema gharama ya kusimama na msimamo. Oktoba 1966, akiwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliofukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Baadaye alirudi masomoni, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1971.

Mwaka 1975 wananchi wa Urambo walimpeleka bungeni. Enzi hiyo ya chama kimoja, wagombea wawili walipitishwa na chama hicho hicho, wakanadiwa jukwaa moja mbele ya viongozi wa chama, na kila mmoja akapewa alama yake: jembe au nyumba. Mpiga kura asiyejua kusoma alichagua kwa picha. Wengi walipita kipindi kimoja wakaangushwa. Sitta alikaa miaka 20, hadi 1995, akishika kwa nyakati tofauti uwaziri na ukuu wa mkoa. Kisha akakiongoza Kituo cha Uwekezaji Tanzania, akarejea bungeni mwaka 2005 kwa tiketi ya Urambo Mashariki.

Desemba mwaka huo alichaguliwa Spika, baada ya kumshinda Pius Msekwa katika mchujo wa chama chao. Kaulimbiu yake ilikuwa kasi na viwango, na watu wakamwita Spika wa viwango. Kipimo cha jina hilo kimo katika Kanuni za Bunge, toleo la 2007. Kanuni hizo zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi: mbunge anasimama na swali ambalo Waziri Mkuu hajaandaliwa jibu lake. Kamati zinazokagua hesabu za umma ziliwekwa chini ya wenyeviti wa upinzani. John Cheyo, Willibrod Slaa na Zitto Kabwe waliongoza tatu kati ya hizo. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya uendeshaji wa Bunge, iliyolipatia Bunge mfuko wake.

Jaribio kubwa lilikuwa sakata la kampuni ya Richmond. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame, kampuni hiyo ilipewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za umeme wa dharura, ikashindwa. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule ya watu watano chini ya Harrison Mwakyembe. Mmoja wao alikuwa Lucas Selelii, mbunge wa Nzega, Tabora. Ripoti ilisomwa bungeni Februari 2008. Tarehe 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama, akalalamika kwamba kamati ilimtuhumu bila kumhoji, kisha akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi, na baraza zima la mawaziri likavunjwa.

Hata hivyo, kiti hicho hicho cha Spika kilisimamia kikao cha Agosti 2007 kilichomsimamisha Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, kwa hoja yake kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Mwaka 2010 chama chake kiliamua mgombea uspika awe mwanamke. Anne Makinda, aliyekuwa naibu wake, akachukua nafasi. Sitta akapewa Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Mwaka 2014 aliongoza Bunge Maalumu la Katiba, Samia Suluhu Hassan akiwa makamu wake. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka Aprili, wakilalamika kwamba rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba inageuzwa. Sitta aliendelea na vikao, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Naamini hapo alikosea: hesabu ya kura ilitimia, lakini maridhiano, ambayo ndiyo roho ya katiba, hayakupatikana.

Alifariki Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016, akazikwa Urambo. Mkewe, Margaret Sitta, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alikuwa ameshachaguliwa mbunge wa Urambo mwaka 2015.

Wasifu wa mbunge huhesabiwa kwa barabara, visima na zahanati, na wananchi wana haki ya kudai hivyo. Lakini barabara ya Urambo haimsaidii mkulima wa Newala, ilhali kanuni inayomlazimu Waziri Mkuu kujibu inawasaidia wote wawili. Vijana wa Tabora wasome Kumbukumbu Rasmi za Bunge la 2005 hadi 2010, wajue mtu wa kwao alifanya nini alipopewa kiti, kisha wawapime kwa kipimo hicho wanaokuja kuwaomba kura.