Mifupa ya Lyme Regis

Kumtambua mnyama aliyekufa karibu miaka milioni 200 iliyopita si kazi ya kubahatisha. Mwenyewe hayupo; ipo mifupa tu, nayo imegeuka mawe. Anayeijua ni yule aliyezoea kuishika. Leo nasimulia habari za Mary Anning wa Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza.

Baba yake, seremala, alifariki mwaka 1810 akaacha madeni. Familia ikawa inakula kwa kuuza mabaki ya viumbe yaliyoporomoka kutoka magengeni. Mwaka 1811 kaka yake Joseph aliona fuvu refu lenye meno. Mwaka uliofuata Mary, angali mtoto, akapata kiwiliwili chake. Wakubwa wa London wakahangaika. Everard Home, daktari wa upasuaji, kwanza alimsogeza mnyama huyo upande wa samaki, halafu akamweka kati ya salamanda na mjusi. Kumbe alikuwa mtambaazi wa baharini mwenye umbo kama la pomboo: iktiosauri.

Desemba 1823 Mary akafukua plesiosauri mzima. Georges Cuvier, bingwa wa Ufaransa, alipopata habari zake alishuku kuwa wanyama wawili wameunganishwa. Shingo gani hiyo yenye pingili zaidi ya 30? Twiga wetu, na urefu wake wote, anazo 7 tu, sawa na wewe na mimi. Hapo riziki ya Mary ilikuwa hatarini, maana nani atanunua mifupa kwa mtu anayedhaniwa kughushi?

Februari 1824 Chama cha Jiolojia kikakutana London. Mchungaji William Conybeare akamweleza mnyama huyo, na Cuvier akakubali kwamba alikosea. Jina la Mary halikutajwa. Uanachama nao ulikuwa wa wanaume peke yao.

Mimi hili linaniudhi. Binti huyu alikuwa akipasua samaki ili alinganishe maungo yao na yaliyomo mawemawe, na mabwana hao walikuwa wakija kwake kuuliza. Alifariki kwa saratani mwaka 1847. Chama kilianza kupokea wanachama wanawake mwaka 1919.

Fuvu la 1811 lingali London, makumbusho. Wataalamu wamelihamishia katika jenasi nyingine, Temnodontosaurus.